Waiteni kwa Jina: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Kufunga Mafunzo ya Programu Huria kwa Wasichana, Mpanda



Programu huria ni mali ya wote: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Ulaya mwaka 2006 uliwakuta wanawake ni takriban asilimia 1.5 tu ya waundaji wake, ilhali kwenye programu za kibiashara walikuwa asilimia 28.

Kwa nini? Kazi ya kuiunda wengi huifanya kwa kujitolea, usiku, shughuli za mchana zikiisha. Binti wa Karema au Inyonga saa hizo anapika, anaosha vyombo, anabembeleza wadogo zake. Kaka yake ndiye mwenye nafasi ya kujifunza.

Mwaka huohuo wa 2006, GNOME, mradi wa programu huria, ulipokea maombi 181 ya wanafunzi waliotaka kuuandikia programu kupitia mpango wa Google. Hakuna hata mwanamke mmoja aliyeomba. Mradi ukatangaza nafasi za wanawake, wakaomba zaidi ya mia moja. Walikuwepo siku zote. Hakuna aliyekuwa amewaita.

Ndugu zangu, hapa mkoani Katavi tuna sababu ya kuita kwa sauti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu waliojifungua kurudi shuleni. Nao waitwe.

Na kazi ya kuwaitia ipo. Takwimu za afya nchini hukusanywa kwa mfumo wa DHIS2, ambao ni programu huria. Muuguzi wa zahanati anayajua mapungufu ya fomu anazojaza. Binti yake ajifunze kuyarekebisha.

Walimu, tengeni zamu ya wasichana kwenye kompyuta, tena mchana. Wazazi, mvulana naye ateke maji na aoshe vyombo. Wahitimu, mkikutana na kejeli msiondoke; semeni, na kila mmoja amlete mwenzake.

Baada ya kusema hayo, natamka kuwa mafunzo haya yamefungwa rasmi.