Haki ya Mtoto ni Nafasi Darasani



Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwamuru kila mzazi ampeleke mtoto shuleni. Asipompeleka bila sababu, ametenda kosa. Sisi mawakili twauliza: ampeleke shule gani? Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 238,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,000. Mashamba ya kahawa yamegawanywa ploti na magorofa yameota, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012. Shule haijioteshi.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi, ya lazima na isiyo na malipo. Lakini Jedwali la Nne limegawa kazi: kaunti hupanga ardhi na kusimamia chekechea, shule za msingi ni za Serikali ya Kitaifa. Basi anayeidhinisha nyumba siye anayejenga madarasa, na mtoto huangukia katikati.

Tudai mambo mawili. Kwanza, shamba linapogawanywa, kiwanja cha shule ya umma kipimwe na kipewe hati kabla ya ploti ya kwanza kuuzwa. Mnyakuzi hupenda ardhi isiyo na hati. Pili, kila mtaa mpya unapoidhinishwa, Wizara ya Elimu ijulishwe, fedha za madarasa zitengwe mapema.

Haki hii si hisani ya mkubwa yeyote. Tuhudhurie vikao vya bajeti, tuulize kwa sauti, na majibu tuyatake kwa maandishi.