Lalamiko Lisiloandikwa Halina Miguu: Haki ya Mkazi Kuhusu Rekodi za Polisi



Usiku wa tarehe 1 Agosti 2021, ndugu wawili walikamatwa na polisi sokoni Kianjokoma, Embu, wakati wa kafyu ya korona. Baadaye familia ilipata miili yao katika chumba cha maiti. Polisi walieleza kuwa vijana hao waliruka kutoka kwa gari lililokuwa likienda. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilichunguza, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu. Walikana mashtaka.

Kesi hiyo haikufika mahakamani kwa kilio pekee. Ilifika kwa maandishi: ripoti ya daktari na taarifa za mashahidi. Ndiyo maana kila mkazi anapaswa kujua rekodi hutengenezwa vipi.

Aliyeumizwa huanza kwa kutibiwa na kuhifadhi karatasi za hospitali. Huandikisha tukio katika kituo cha polisi, akapewa nambari ya OB, na kuchukua fomu ya P3 ijazwe na daktari. Akihofia kituo hicho, anaweza kwenda IPOA moja kwa moja. Malalamiko hupokelewa kwa mdomo au kwa maandishi, na mlalamishi anaweza kuomba jina lake lifichwe.

Anayetaka fidia asikawie. Kesi ya madai dhidi ya serikali kwa kosa kama kupigwa au kufungiwa kinyume cha sheria hufunguliwa ndani ya miezi 12. Wengi hupoteza haki yao wakisubiri uchunguzi wa jinai uishe.

Je, mwananchi anaweza kuona rekodi hizo? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya sheria ya mwaka 2016, ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuliwasilisha hakuna ada, ingawa nakala zinaweza kulipiwa. Asiyejua kuandika husema, na afisa humwandikia. Jibu hutolewa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Akikataliwa, ana siku 30 za kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Si kila faili hufunguliwa. Habari zinazoweza kuvuruga uchunguzi au kuingilia faragha ya mtu zinaweza kuzuiliwa. Hata hivyo, hukumu nyingi za Mahakama Kuu husomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law.

Rekodi pia humlinda afisa mwadilifu, kwa kuwa humtenga na mwenye makosa. Kwa hivyo, mkazi asiondoke kituoni kabla ya kupewa nambari ya OB. Aiandike, aiweke pamoja na kitambulisho, na amwachie nakala mtu anayemwamini.