Pango la Noeli Linalobebeka

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Kiongozi wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya: pango, hori, ubavu, unene, machela. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.

Wasikilizaji wetu, na hasa nyinyi mlioketi madarasani na madaftari yenu, leo tutajifunza kutengeneza pango la Noeli. Lakini pango letu halitakaa mahali pamoja. Litabebwa na watu wawili, kama machela, lipelekwe kwa mgonjwa au kwa mzee asiyeweza tena kutembea mpaka kanisani.

Kwanza tuulize: desturi hii ilitoka wapi? Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitaka watu waone kwa macho yao jinsi Mtoto Yesu alivyozaliwa katika umaskini. Alimwomba rafiki yake mmoja wa huko, jina lake Yohana, atayarishe hori, yaani chombo cha kulishia mifugo. Likawekwa majani makavu, akaletwa ng'ombe na punda. Watu wakapanda mlimani usiku wakiwa na mishumaa na mienge. Siku zile Misa ilisomwa kwa Kilatini, na watu wengi hawakujua kusoma lugha yoyote. Hori lile lilikuwa kitabu chao.

Sasa tuanze kazi. Tunahitaji mbao zenye upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 2. Mbao za makasha ya zamani zafaa sana. Tunahitaji pia miti miwili iliyonyooka, minene kiasi cha sentimita 5, na misumari ya inchi 2.

Hatua ya kwanza ni sakafu. Kateni ile miti miwili, kila mmoja sentimita 140. Ilazeni chini sambamba. Kisha kateni vipande 8 vya ubao, kila kimoja sentimita 50, mvipange juu ya miti kama watu wanavyojenga kidaraja. Vipande 8 vya upana wa sentimita 10 vinatupa sakafu ya sentimita 80. Acheni sentimita 30 za mti zitokeze kila upande. Hiyo ndiyo mishikio. Hesabuni: 30 na 80 na 30 ni 140.

Kabla ya kupigilia misumari yote, pimeni sakafu kutoka pembe hadi pembe, kwa njia mbili zinazokatana. Vipimo vikilingana, sakafu haikupinda. Kwa sakafu yetu kila kipimo kitakuwa karibu sentimita 94.

Hatua ya pili ni mgongo na mbavu. Mgongo una vipande 5, kila kimoja sentimita 80. Kila ubavu una vipande 5, kila kimoja sentimita 48. Mtauliza: kwa nini 48, na sakafu ina 50? Kwa sababu mgongo nao unasimama juu ya sakafu, na unene wake ni sentimita 2. Anayesahau unene wa ubao hujikuta ubavu umetokeza mbele. Ndani ya kila ubavu pigilieni vijiti viwili vya kusimama, kimoja mbele na kimoja nyuma, ili vishike vile vipande vitano pamoja.

Hatua ya tatu ni paa. Lazeni fito tano kutoka ubavu hadi ubavu. Juu yake wekeni kile mlicho nacho: makuti kwa watu wa pwani, majani makavu ya migomba kwa watu wa Bukoba, mabua ya mtama kwa watu wa Dodoma.

Kiongozi wa darasa: Simamisha kidogo. Wanafunzi wachore sanduku na kuandika vipimo.

Sasa tupambe. Ili ndani paonekane kama mwamba, chukueni karatasi za mifuko ya saruji. Ikung'uteni nje ya nyumba, upepo ukiwa nyuma yenu, kwa maana vumbi la saruji hudhuru mapafu. Pikeni gundi ya unga wa muhogo. Pakeni karatasi gundi, ifinyangeni kwa mikono, ibandikeni ndani ya sanduku, na kuiacha ikauke kabisa. Kisha ipakeni rangi ya majivu, masizi na udongo mwekundu.

Majani mabichi hupandwa. Katika jimbo la Provence huko Ufaransa, watu hupanda ngano katika visahani tarehe 4 Desemba, ili majani yawe yamesimama siku ya Noeli. Nanyi mwaweza kupanda ngano au ulezi katika vifuniko vya makopo. Mwagilieni maji kidogo kila siku.

Sanamu zichongwe kwa mti mwororo, au zifinyangwe kwa udongo. Mavazi yao ni mabaki ya vitambaa vya fundi cherehani. Hori liachwe tupu mpaka usiku wa tarehe 24 Desemba, ndipo Mtoto awekwe. Mamajusi wafike tarehe 6 Januari.

Sasa sikilizeni kwa makini sana. Angalieni tulichotumia: karatasi, mbao kavu, makuti, majani ya migomba. Vyote hivi ni kuni. Msiweke mshumaa ndani ya pango, wala kibatari, wala chetezo cha uvumba, hata kwa dakika moja. Watu wa Greccio walikuwa na mienge, ni kweli, lakini sisi tunaingia chumbani kwa mtu asiyeweza kuinuka kitandani. Moto ukianza, yeye hatakimbia. Tumieni tochi au taa ndogo ya betri, muifiche nyuma ya mwamba.

Siku ya kwenda, ombeni ruhusa kwanza kwa wenye nyumba. Pimeni mlango ulio mwembamba kuliko yote mtakaoupitia. Mvua za Desemba zisiwakute bila turubai. Mkifika, msiliweke pango sakafuni. Liwekeni juu ya meza au viti viwili, lilingane na macho ya aliyelala.

Kisha mmoja wenu asome Injili ya Luka, sura ya 2, aya ya 1 hadi ya 20. Ndiyo, mmoja wenu, si katekista. Najua wengine mnaona haya kusoma mbele za watu. Fanyeni mazoezi wiki nzima, kidole chini ya neno. Kusoma polepole si aibu. Mgonjwa hana haraka, na huenda mwaka mzima hakuna aliyemsomea kitu.

Najua pia kwamba madarasani mwenu wamo Wakristo na Waislamu. Pango ni la wanaoadhimisha Noeli. Lakini kupima, kukata na kupigilia misumari ni elimu ya kila mtu. Sanduku hili hili bila miti na paa, likisimamishwa na kuongezewa ubao wa katikati, ni rafu nzuri ya vitabu vya darasa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tunahitaji jumla ya sentimita ngapi za ubao kwa sakafu, mgongo na mbavu mbili? (Jibu: 1,280, yaani mita 12 na sentimita 80.)
2. Kwa nini mshumaa haufai ndani ya pango?
3. Katika kijiji chenu, ni nyumba ipi ingefaa kutembelewa kwanza? Kwa nini?

Kazi ya nyumbani: Andika kwa herufi kubwa vibao vinne vya kuwekwa pangoni: BETHLEHEMU, MARIAMU, YUSUFU, WACHUNGAJI.

Haya, ndugu zangu, chukueni misumeno. Mpaka somo lijalo, kwaherini.