Mhunzi wa Afrika na Elimu Yake



Mtu mmoja aliniuliza, "Watu wa Afrika walivumbua nini?" Nikamwonyesha jembe. Akacheka, akasema limetoka dukani. Ni kweli, jembe lile lilitoka dukani. Lakini chuma kiliyeyushwa katika bara hili zaidi ya miaka 2000 iliyopita, zamani sana kabla ya majembe ya Ulaya kufika.

Huko Taruga, katika Nigeria, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta matanuru ya watu wa Nok yaliyotumika karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Kristo. Huko Meroe, katika Sudan, mavi ya chuma yamelundikana kama vilima. Pwani yetu nayo haikuwa nyuma: Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma, na kwamba biashara hiyo iliwapa faida kubwa. Na katika bara, Wakikuyu walipata chuma chao kwa kuosha mchanga wa mitoni.

Lakini sifa bila maelezo ni kelele tu. Basi na tuitazame kazi yenyewe. Mwaka 1976, huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria katika Tanzania, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuru kama walilolijua ujanani. Kazi hiyo ilikuwa imekoma miaka mingi, kwa sababu chuma cha bei nafuu kiliingia kutoka Ulaya.

Wazee walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, ambao huvumilia moto. Wakachoma majani ya kinamasi humo hata likajaa masizi na makaa mepesi. Juu yake wakajenga ukuta wa mviringo, wakatia makaa na mawe ya chuma, vijana wakavukuta. Hekima kubwa ilikuwa katika mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Mirija hiyo iliingia ndani ya tanuru, na wataalamu wale walieleza kwamba hivyo upepo ulipata joto kabla ya kuyafikia makaa, na moto ukazidi ukali. Walichopata mwishoni kilikuwa chuma cha aina ya pua. Na katika nchi ile ile yamechimbuliwa matanuru yenye umri wa miaka 1500 na zaidi.

Sasa fikirini, mabibi na mabwana. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha wahunzi. Ilikaa vichwani mwa wazee wachache. Kama wageni wale wangalichelewa miaka ishirini, wangalikuta makaburi. Wahunzi wengi waliificha kazi yao, baba akamfundisha mwanawe peke yake. Siri ile iliwapa heshima, lakini ndiyo iliyoihatarisha sanaa yenyewe siku wana walipokwenda kutafuta kazi nyingine.

Wazee wetu walisema, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Sisi tuliosoma hatuwezi tena kusana chuma kama wao. Lakini kalamu tunayo. Basi mwendee mzee wa kwenu, mwulize kazi aliyoijua, yaandike maneno yake kama asemavyo. Huko ndiko kuvukuta kwetu.