Redio ya Kaseti Ising'olewe



Gari langu lina redio ya kaseti, nami siing'oi. Humo ndimo ninamosikiliza kwaya yetu ya shule, ambayo waimbaji wake wengi wamekwisha fariki.

Wajukuu wakitaka nyimbo za simu zao, hutia kaseti yenye waya. Haina utepe, ina kichwa cha sumaku kinachoelekeana na kile cha redio na kukipatia sauti. Plagi yake ni ya milimita 3.5, simu isiyo na tundu hilo yahitaji kiunganishi. Pandisha kwanza sauti ya simu, kisha ya redio, mikwaruzo ipungue.

Basi vijana, kabla hamjang'oa redio ya mzee, mwulizeni ana kaseti gani.