KONGWE NI MALI NYUMBANI, NI ADUI SHAMBANI

(Maneno ya Kamati ya Bustani mkutanoni. Tumeyaandika kwa ajili ya ndugu ambao hawakuhudhuria.)

Ndugu wanachama,

Masika yaliyopita tulipalilia mahindi, kongwe tukaiacha pale pale kati ya mistari. Tulidhani itakauka. Mvua ikanyesha usiku, na baada ya siku chache ikasimama yote kana kwamba tumeipanda. Palizi tukairudia mara tatu. Kosa lilikuwa letu, siyo la kongwe.

Hebu tuijue. Kongwe, ambayo wengine huiita mkongwe au jaja, ni jani la kwetu. Ua lake la buluu hufunguka asubuhi, mchana limekwisha kufunga. Hutambaa, na kila kifundo kinachogusa udongo mbichi hutoa mizizi. Kipande chenye kifundo kimoja chatosha kuanza upya. Tena ile ya majani mapana huzaa mbegu juu, na nyingine chini ya ardhi. Ndiyo maana jembe peke yake haliimalizi.

Lakini jamani, tabia hiyo hiyo ndiyo tunayoitaka migombani. Pale maji ya ndoo yanapomwagika, penye kivuli kidogo, udongo ukiachwa uchi mvua huuchukua. Kongwe huufunika.

Kuipanda ni rahisi. Masika yakianza, kata vipande vya urefu wa kiganja, vyenye vifundo viwili au vitatu. Fukia nusu, acha shubiri moja kati ya kipande na kipande. Majani machanga ni mboga: yachanganye na mchicha au mnavu. Sungura na nguruwe nao huyapenda. Ila usichume penye maji ya choo wala palipopigwa dawa.

Sasa yale tuliyokubaliana:

1. Mtu asiipande mpakani mwa shamba la mahindi au maharage.
2. Inayong'olewa ibebwe kwa kikapu, wapewe mifugo, au ianikwe juu ya mwamba mpaka ikauke kabisa.
3. Ni marufuku kuitupa njiani au kwa jirani. Ugomvi wa palizi iliyopita unatosha.

Mwenye kutaka vipande aje bustanini Jumamosi asubuhi. Hatuuzi, njoo na kikapu chako tu.

Kazi njema.

Kamati ya Bustani