Mboga ya Nyuma ya Nyumba

Neno mboga katika Kiswahili lina maana mbili zinazoishi pamoja bila kugombana: kwanza ni majani na matunda ya bustani yanayopikwa, kama mchicha, bamia na bilinganya, na pili ni chochote kinachoandamana na ugali au wali, hata kama ni dagaa, maharage au nyama, kiasi kwamba anayeuliza leo mboga ni nini anaweza kujibiwa kuwa ni samaki, na hakuna atakayeshangaa. Maana hiyo ya pili inaonyesha jinsi sinia linavyopangwa katika fikra za walaji wengi, kwa kuwa ugali ndio unaohesabiwa kuwa chakula chenyewe, na mboga huhesabiwa kuwa kitu cha kusaidia tonge lishuke. Maoni haya yanashikilia kwamba mpangilio huo wa fikra ndio uliofanya bustani ya nyuma ya nyumba ionekane kuwa kazi ya kujishikiza, na mpishi wa majani aonekane kuwa hana utaalamu wowote, ilhali katika sehemu kama Msowero afya ya familia hutegemea kazi hizo mbili kuliko inavyotegemea wingi wa magunia yaliyomo ghalani.

Msowero ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, iliyo kando ya barabara itokayo Dumila kwenda mjini Kilosa, katika bonde lililo chini ya milima ya Ukaguru. Ardhi yake hutoa mpunga, mahindi na ufuta, na wilaya nzima ina historia ndefu ya mashamba makubwa ya mkonge, ambako vibarua walipewa sehemu ya malipo yao kwa posho, yaani mgawo wa chakula ambao kwa kawaida ulikuwa unga wa mahindi na maharage. Haitakuwa haki kusema kwamba posho peke yake ndiyo iliyojenga mazoea ya kupima shibe kwa unga, lakini ni dhahiri kwamba mfumo wa kazi uliohesabu chakula kwa kilo za unga haukuacha nafasi ya kuhesabu majani, ambayo mfanyakazi alitarajiwa kujitafutia mwenyewe. Hesabu hiyo haijabadilika sana hata leo, kwa sababu kaya ikiulizwa imevuna nini itataja magunia ya mpunga, na tuta la matembele lililo karibu na bafu halitatajwa kabisa.

Ushahidi kwamba magunia hayatoshi uko jirani kabisa na Morogoro. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, maana yake wana kimo kifupi kuliko kinachostahili umri wao kutokana na lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara, na mkoa wa Iringa, ambao unahesabika miongoni mwa ghala za mahindi za nchi, ulikuwa na zaidi ya nusu ya watoto katika hali hiyo. Kudumaa kuna sababu nyingi, na hakuna fungu la mchicha litakaloziondoa zote, lakini takwimu hiyo inatosha kuvunja dhana kwamba nyumba yenye mahindi haina njaa. Ipo njaa isiyonguruma tumboni, ambayo wataalamu huiita njaa iliyofichika, yaani upungufu wa vitamini na madini kwa mtu ambaye kila siku anakula akashiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, bila kuhesabu mihogo na viazi, na kwa familia ya watu sita kiasi hicho ni zaidi ya kilo mbili kila siku, mzigo ambao ni vigumu kuununua sokoni kwa mafungu, lakini haushangazi pale ambapo matuta yako hatua chache kutoka mlangoni.

Hata hivyo, kuwa na majani ni nusu ya safari, kwa sababu kila jani lina sheria yake, na anayezijua sheria hizo ni mpishi. Kisamvu, yaani majani ya mhogo, ndicho kinachodai maarifa mengi zaidi. Mhogo ulitoka Amerika ya Kusini na kuletwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16, na majani yake yana kemikali iitwayo linamarini ambayo, jani likipondwa, hukutana na kimeng'enya kilichomo ndani ya jani lilelile na kuachia sumu ya sianidi. Kutwanga kisamvu katika kinu, kwa hiyo, si suala la kulainisha tu, kwa kuwa ndiyo hatua inayoifungua sumu ili iweze kuondoka, na kuchemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, ndiyo hatua inayoifukuza pamoja na mvuke. Mpishi anayechuma majani machanga, akayatwanga pamoja na kitunguu saumu na ngogwe, yaani nyanya chungu, akayachemsha mpaka harufu ya ubichi iishe, na mwisho kabisa akatia tui la nazi au karanga zilizotwangwa, anafuata utaratibu ambao maabara ilikuja kuueleza baadaye sana. Anayefupisha kazi hiyo kwa ajili ya kuokoa kuni anahatarisha walaji, na jambo hili linapaswa kusemwa wazi kwa vijana wanaojifunza kupika sasa, ambao pengine wamezoea kununua kisamvu kilichokwisha kusagwa kwa mashine na hudhani kuwa kimebaki kuungwa tu.

Mchicha unafuata sheria iliyo kinyume kabisa. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibika kwa moto, kwa hiyo mchicha unatakiwa kuchambuliwa, kuoshwa ukiwa mzima, kukatwa baada ya kuoshwa wala si kabla, kisha kuingizwa katika sufuria ambayo kitunguu na nyanya vimekwisha kuiva, na kuepuliwa ungali kijani. Matembele, ambayo ni majani ya viazi vitamu, hupikwa vivyo hivyo, na majani ya maboga yanahitaji kwanza kumenywa nyuzi za mashina yake, kazi ya subira ambayo watoto wanaweza kuifanya wakiwa wamekaa barazani. Kosa linaloonekana katika majiko mengi ni kuyachemsha majani haya laini kwa maji mengi, kuyakamua na kumwaga maji hayo, halafu kuyakaanga kwa mafuta mengi ili yarudishe ladha iliyokwisha kumwagwa. Ni hasara mara mbili, na inasikitisha zaidi kwa kuwa anayeipata ni mtu aliyepanda, akapalilia na kumwagilia kwa mkono wake.

Kuhusu mlenda, jina linalokusanya majani ya aina kadhaa yenye utelezi, yakiwamo yale yanayojiotea mashambani mvua zinapoanza, mjadala mkubwa ni wa magadi. Magadi ni chumvichumvi ya asili inayolainisha majani haraka na kuyaacha na rangi ya kijani iliyokoza, na wapishi wa zamani walipata matokeo yanayofanana kwa kutumia maji yaliyochujwa katika majivu. Faida hizo ni za kweli, hasa pale kuni zinapokuwa haba, lakini magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B, kwa hiyo chembe ndogo inatosha, na kwa mchicha au matembele hayahitajiki hata kidogo.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi somo jingine katika kitenzi kuunga. Mboga iliyochemshwa kwa chumvi na maji tu huitwa chukuchuku, na ikitiwa nazi, karanga au mafuta husemwa imeungwa, kana kwamba hapo kwanza ilikuwa vipande na sasa imekuwa kitu kimoja. Katika lishe, kuunga kuna maana halisi, kwa kuwa kirutubisho kilichomo katika majani ya kijani kibichi, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, hakifyonzwi vizuri pasipo mafuta, na kiasi kidogo cha karanga kinatosha kuifanya kazi hiyo. Madini ya chuma nayo yana masharti yake, kwani chuma kilichomo katika majani hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, ila ndimu ikikamuliwa juu ya mboga wakati wa kula, au nyanya mbichi ikikatwakatwa pembeni kuwa kachumbari, ufyonzaji huongezeka, wakati chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo huupunguza. Katika nchi ambayo utafiti uleule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, mti mmoja wa ndimu uani na tabia ya kusogeza chai mbali na ugali ni mambo yanayostahili kuzungumzwa kliniki na nyumbani kwa uzito uleule wa vidonge.

Viungo navyo vilikuwa mali ya uani kabla havijawa mali ya duka. Mchaichai hupandwa pale maji ya kuogea yanapotiririkia, ambapo mizizi yake hushika udongo na majani yake hutiwa katika chai. Pilipili kichaa hujiotea kando ya ua kwa hisani ya ndege. Kotimiri, ambayo wengine huiita giligilani, huota hata katika ndoo iliyotoboka. Na tangawizi na manjano hupenda kivuli cha migomba. Mchuzi wa kunde uliotiwa kitunguu saumu, kotimiri na pilipili moja nzima isiyopasuliwa hauhitaji kibonge cha mchuzi cha dukani, ambacho sehemu yake kubwa ni chumvi, na ambacho kinapozoeleka huwafanya watoto waone ladha ya jani lenyewe kuwa pungufu.

Ugumu wa kweli uko katika kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, wakati udongo mzito wa bondeni unapopasuka na anayebeba ndoo ya maji ni mama au binti yake. Kuwahimiza watu walime bustani bila kulitaja jambo hilo ni kuwaongezea mzigo wale wale waliokwisha kulemewa, na baba mwenye baiskeli inayobeba madumu anahusika na bustani ya nyumba yake kama anavyohusika na shamba la mpunga. Zipo njia za kupunguza maji yanayohitajika: matuta ya kiangazi huchimbwa yawe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie, ilhali ya masika huinuliwa ili mizizi isioze, udongo hutandazwa majani makavu na kulishwa samadi, na maji yaliyooshea mboga na mchele hurudishwa bustanini. Majani ya kunde yanayozidi wakati wa mvua huweza kuchemshwa kidogo na kukaushwa kivulini, kwa kuwa jua kali huunguza kirutubisho kile cha vitamini A, na mboga kavu hiyo huifikisha kaya mpaka mvua za vuli.

Utafiti wa kilimo haujaipuuza kabisa bustani hii. Kituo cha Ilonga, kilichomo ndani ya wilaya hiyohiyo ya Kilosa, kimejulikana zaidi kwa nafaka na mazao ya jamii ya kunde, lakini huko Tengeru, mkoani Arusha, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimefanya kazi tangu mwaka 1992, na pamoja na nyanya kama Tengeru 97 kimekusanya na kuboresha mbegu za mboga za Kiafrika kama mnavu, mgagani na ngogwe, ambazo kwa muda mrefu ziliitwa mboga za maskini na kukosa mtetezi. Mbegu bora ni jambo jema, ingawa mbegu nyingi za majani katika vijiji vya Kilosa bado hazipiti dukani: shina moja la mchicha lililo nene kuliko mengine huachwa lisichumwe hadi litoe masuke, masuke hayo hukatwa yakikauka, yakapukuchuliwa na kupepetwa katika ungo, na punje zake nyeusi, ndogo kuliko ulezi, huchanganywa na majivu makavu na kutiwa katika chupa inayowekwa juu ya kichanja cha jikoni, mahali moshi unapopita, hadi mawingu yaanze kukusanyika juu ya Ukaguru.